Gereji ya Tabata iliyoutibu mlio wa feni belti: maoni ya mteja

Kwa miezi miwili gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ ya cc 1,496, lilikuwa likilia kila asubuhi nilipoliwasha. Ulikuwa mlio mkali wa kukereketa masikio, uliodumu kama nusu dakika kisha ukatulia, na uliorudi kila nilipowasha kiyoyozi au nilipozungusha usukani gari likiwa limesimama. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinifungia mkanda mpya, yaani feni belti, ndani ya dakika 20, ikaukaza sana, na nikaondoka nimefurahi. Baada ya wiki mbili mlio ulirudi. Nilipolalamika, kijana wa hapo alipuliza dawa ya kopo juu ya mkanda, kelele ikakoma papo hapo, na siku tatu baadaye ikaanza upya ikiwa kubwa kuliko awali.

Gereji ninayoizungumzia hapa ni ya pili, iliyopo Tabata, Dar es Salaam, ambayo nilielekezwa na jirani. Ni uwanja wa vumbi wenye kibanda kimoja cha mabati, na wateja husubiri kwenye benchi chini ya mwarobaini. Kilichonivutia ni kwamba fundi hakushika spana kwanza. Aliniuliza, "Dada, linalia wakati gani? Asubuhi tu, au hata likishapata moto? Ukiwasha taa je?" Majibu yangu yalimtosha kujua kwamba kelele inafuata mzigo wa alteneta, ile jenereta ndogo inayochaji betri, kwa kuwa usukani wa IST husaidiwa na mota ya umeme na kila unapozungushwa papo hapo alteneta hulazimika kufanya kazi zaidi.

Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alitoboa kizibo cha chupa ya maji ya kunywa, akaniomba nisizime injini, akajisogeza kwa tahadhari huku mikono ya shati ikiwa imekunjwa, na kunyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye matuta. Mlio uliongezeka. Alinieleza kwamba mlio unaozidi kwa maji ni dalili ya mkanda unaoteleza kwa kukosa mkazo au kwa kuelemewa, lakini kama ungenyamaza kwa sekunde chache kisha ukarudi, angeanza kutafuta puli, yaani gurudumu linalopitiwa na mkanda, ambayo haikukaa kwenye mstari mmoja na nyenzake.

Alipoufungua mkanda nilioununua wiki chache tu kabla, matuta yake yalikuwa yanang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, na ile dawa ya kopo ilikuwa imenasa vumbi hadi kutengeneza utandu mweusi ndani ya mifereji. Alizungusha puli moja baada ya nyingine kwa mkono. Ya pampu ya maji ilizunguka kimya. Ya alteneta ilikwaruza kama iliyotiwa mchanga, na alinitaka niishike mwenyewe ili nisije nikadhani natapeliwa. Katika injini hii hakuna tenshena, yaani kikaza mkanda, inayojikaza yenyewe. Mkanda hukazwa kwa kuivuta alteneta kwa bolti, kwa hiyo anayekaza kupita kiasi ili kuzima kelele huihamishia beringi ya alteneta mzigo wote. Kwa maelezo yake, beringi ambayo huenda ilikuwa imeanza kuchoka ilimaliziwa na ule mkazo, ikawa nzito, na mkanda ukaanza kuteleza juu ya puli.

Jambo jingine alilonifundisha linafaa kujulikana na kila mwenye gari. Mikanda ya siku hizi iliyotengenezwa kwa EPDM, aina ya mpira wa viwandani, haipasuki nyufa kwa urahisi kama ile ya zamani, bali hulika taratibu kama tairi, hivyo mkanda usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha. Nasi bado tunauita feni belti, ingawa feni ya IST inazungushwa na umeme na mkanda huu hauigusi kabisa. Vinavyozungushwa nao ni pampu ya maji, alteneta na kompresa ya kiyoyozi, na ndiyo sababu ukikatika njiani taa ya betri huwaka na injini huchemka.

Alichomoa waya hasi wa betri kabla ya kuishusha alteneta, akabadilisha beringi zote mbili, akasafisha mifereji ya puli kwa brashi, na kufunga mkanda mpya. Mkanda ulinigharimu shilingi 35,000, beringi 24,000, ufundi 40,000, na bodaboda ya kufuata spea Kariakoo 5,000. Beringi za zamani nilikabidhiwa mkononi.

Kasoro zipo. Niliambiwa gari litakuwa tayari saa sita mchana na nikalipata saa tisa, kwa sababu kijana aliyetumwa Kariakoo alirudi na mkanda mfupi kuliko uliotakiwa, ilhali namba iliyochapwa mgongoni mwa ule wa zamani ilikuwa bado inasomeka: tarakimu iliyotangulia herufi PK ni idadi ya matuta, na zinazofuata ni urefu kwa milimita. Angeinakili kwenye karatasi kabla ya kuondoka, ningekula chakula cha mchana nyumbani. Pia sikupewa risiti hadi nilipoidai mara mbili, nayo iliandikwa "matengenezo" bila kutaja spea hata moja, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kudai dhamana ya beringi halikubaliki.

Niliambiwa nirudi baada ya wiki moja, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo unapokaa sawasawa kwenye puli. Niliporudi, fundi aliubonyeza kwa kidole gumba, akaongeza mkazo kwa robo ya mzunguko wa bolti, akaniwashia kiyoyozi na taa zote kwa pamoja huku akiwa ameinamia boneti anasikiliza, na hakunitoza chochote. Anayetaka kwenda Jumamosi afike kabla ya saa mbili, maana foleni hujaa mapema na fundi huyu ni mmoja tu.