Olympia, Ugiriki: msiipite palestra hivi hivi

Wadau mnaopanga kwenda Olympia, kule ilikofanyika Michezo ya Olimpiki ya kale, nawaomba kitu kimoja. Watu wakishaingia getini wananyoosha moja kwa moja hadi hekalu la Zeus na uwanja wa mbio, wanapiga picha basi wamemaliza, na kumbe majengo ya mazoezi yako mkono wa kulia hapo hapo mwanzoni na mimi ndo yaliyonifurahisha kuliko yote.

Palestra, yaani jengo la mazoezi ya mieleka na ngumi, ni ya karne ya 3 KK, mraba wa mita kama 66 kila upande, katikati uwanja wazi usio na paa na pande zote nne veranda yenye nguzo. Zilikuwa 72, leo zilizosimamishwa tena ni 32 na zinatosha kabisa kukuonyesha ramani ya jengo. Nyuma ya veranda ndo kuna vyumba, na hapa ndo utamu ulipo, maana majengo ya aina hii yalikuwa na chumba cha kuvulia nguo, cha kujipaka mafuta ya zeituni, cha kujipaka vumbi juu ya mafuta ili mwenzio apate pa kukushika, na mahali pa kuoga ukimaliza. Vingine viliwekewa mabenchi ya mawe kuzunguka kuta kama baraza zetu za Lamu, watu wanakaa wanasikiliza mwalimu au wanapiga soga.

Jirani yake ni jimnazio, jengo la mazoezi ya mbio na kurusha, karne ya 2 KK. Upande wa magharibi ulibebwa na mto Kladeos kwahiyo usitegemee kuona jengo zima, ila upande wa mashariki kulikuwa na njia ya kukimbilia yenye paa, urefu wake mita 192 hivi, sawasawa na uwanja wenyewe wa mashindano! Yaani mvua inyeshe au jua liwake mwanariadha anazoea umbali ule ule. Mi nilipoenda baadae uwanjani nikainama kwenye lile jiwe la kuanzia mbio, lina mifereji miwili sambamba ya kuegeshea vidole vya miguu, nikaielewa ile njia vizuri zaidi.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya kampuni iliyotupeleka, mwongoza watalii alitupa dakika chache tu palestra halafu haraka haraka twende. Bora uende mwenyewe, asubuhi mapema, kiangazi jua la pale ni kali na kwenye palestra kivuli hakuna.