Taiti Zinazolegea: Nguo za Mazoezi Zipi Zinadumu na Zipi Zinaishia Jalalani

Malalamiko ya wasomaji kuhusu nguo za mazoezi yanafanana mno. Taiti ni mpya, imeandikwa "rafiki wa mazingira", bei imepanda kwa sababu ya maneno hayo. Baada ya miezi mitatu magoti yametuna, kiuno kinateremka, na mtu anapanda mlima wa Kololo akishikilia taiti kwa mkono mmoja. Akimrudia muuzaji anaambiwa ameifua vibaya.

Ufuaji una sehemu yake, tutaufikia. Lakini kosa mara nyingi limeandikwa ndani ya nguo yenyewe, kwenye kile kilebo cheupe ambacho hakuna anayekisoma: spandeksi.

Spandeksi, ambayo wengine huiita elastani au laikra, ni uzi uliobuniwa na kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1958. Ukiuvuta hufika hata mara tano ya urefu wake kisha hurudi. Ndio unaoifanya taiti ibane paja, na ndio unaokufa wa kwanza. Poliesta iliyouzunguka inaweza kukaa miaka na miaka, ila spandeksi humalizwa na joto, klorini, jua, jasho na mafuta ya mwili. Ukimwagia Jik kuondoa doa, ukaanika juu ya mabati saa saba mchana, kisha ukapiga pasi, unakata nyuzi usizoziona. Tazama taiti iliyochoka kwa karibu, upande wa paja la ndani: utaona vinywele vyembamba vyeupe vimechomoza kwenye kitambaa. Hizo ni spandeksi zilizokatika, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kuna ubaya mwingine ambao matangazo hayautaji. Mitambo inayosaga nguo za poliesta ili ziwe nyuzi upya inakwamishwa na spandeksi. Kwa hiyo taiti iliyotengenezwa kwa "chupa zilizorejelewa", yaani plastiki iliyosindikwa upya, ikiwa na spandeksi asilimia 20, haina maisha ya pili. Ile chupa ingeweza kuwa chupa tena. Sasa imekuwa taiti, na taiti njia yake ni moja, jalala. Wakazi wa Kampala hatuhitaji kuelezwa uzito wa jalala baada ya jalala letu la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua watu majumbani mwao.

Basi soma asilimia kabla ya kusoma bei. Fulana na bukta ya kukimbia hazihitaji spandeksi hata chembe. Kitambaa kilichofumwa vizuri kinatosha. Taiti inaihitaji, lakini kati ya asilimia 8 na 15 inatosha kukimbilia. Ikizidi 20, iache kwa mwenye duka.

Kisha ipime pale pale. Shika kitambaa cha paja, weka vidole sentimita 10 mbalimbali, vuta hadi 15, hesabu mpaka thelathini, achia. Nguo isiyochoka hurudi 10 papo hapo. Ikibaki 11, imekwisha kabla hujailipia. Ukisikia mlio wa kukatika-katika unapovuta, ni uzi wa mshono: umeshonwa kwa mshono mnyoofu wa shati, usiovutika pamoja na kitambaa. Mshono unaofaa ni ule bapa, ambao ukiugeuza ndani haujatuna na hauchubui.

Mwisho kiuno. Mpira wa kiuno ukiwa umepitishwa ndani ya mfereji, fundi wa cherehani yeyote atafumua sentimita tano, atachomoa mpira uliochoka na kupitisha mpya kwa pini. Mpira ukiwa umeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa kwa mistari mitatu minne, kuubadilisha ni kubomoa kiuno chote. Tofauti hiyo peke yake inaongeza miaka, na hakuna muuzaji anayeitaja.

Sasa tupange.

Nafasi ya kwanza ninaipa mtumba uliochaguliwa kwa makini, na ndani ya mtumba ninaipa Patagonia, kampuni ya Marekani ya nguo za michezo na milimani, bila kuficha upendeleo. Nguo iliyokwisha tengenezwa haidai mafuta mapya ya petroli ya kutengenezea nyuzi wala rangi mpya. Kampuni hii ilianza kutumia poliesta ya chupa mwaka 1993, ikahamia pamba ya kilimo hai mwaka 1996, na mwaka 2022 mwanzilishi wake, Yvon Chouinard, aliikabidhi kwa taasisi ambazo faida yake inakwenda kulinda mazingira. Kwetu cha maana zaidi ni kitambaa. Fulana zake za Capilene Cool Daily ni poliesta isiyo na spandeksi, nyepesi, hukauka upesi hata kamba ikiwa kivulini. Bukta za Baggies ni nailoni iliyorejelewa, na kiuno kina kamba, hivyo hata mpira ukichoka bukta haianguki. Kwenye soko la mtumba la Owino zinapatikana kwa mwenye subira. Usiamini nembo ya mlima kifuani, kwa kuwa nembo hushonwa popote. Tafuta lebo ndogo ya ndani: nyingi zina RN51884, na namba ya mtindo inayoanzia STY ikifuatwa na msimu, kwa mfano SP15 au FA18, yaani majira ya kuchipua 2015 au vuli 2018. Hapo unajua na umri wake.

Ya pili ni nguo mpya ya poliesta au nailoni iliyorejelewa, yenye cheti cha GRS (Global Recycled Standard), kiwango cha kimataifa cha malighafi zilizorejelewa. Nembo hiyo hairuhusiwi kuwekwa kwenye nguo isipokuwa angalau nusu ya malighafi yake imerejelewa, na huambatana na jina la shirika lililokagua. Neno "eco" lililochapishwa kijani kibichi si cheti. OEKO-TEX Standard 100 nayo ni nzuri, lakini inapima kemikali zenye madhara kwenye nguo. Haisemi kitambaa kimerejelewa, na wauzaji hupenda kuzichanganya hizo mbili. Ujue pia kwamba poliesta ya chupa hutoa vumbi la plastiki kwenye maji ya kufulia sawa na poliesta nyingine, kwa hiyo usiifue kila unapoivaa nusu saa.

Ya tatu, fulana ya pamba ya Uganda. Inanisikitisha kuiweka hapa. Pamba yetu hutegemea mvua, haimwagiliwi, huchumwa kwa mkono, na kiwanda cha Fine Spinners kipo hapa hapa Bugolobi kikisokota uzi na kushona fulana. Lakini pamba hunywa jasho na kulishikilia: kwa kilomita 21 itakulemea na kukuchubua kwapani. Kwa kunyanyua vyuma, yoga, au kutembea asubuhi, hiyo ndiyo ya kununua, na pesa inabaki nyumbani.

"Mianzi" usishawishike nayo. Karibu yote ni viskosi, mianzi iliyoyeyushwa kwa kemikali, ikiwemo kaboni disalfaidi ambayo ni sumu kwa wafanyakazi wa kiwandani. Ukitaka ulaini huo tafuta lyocell, uzi wa mbao zilizoyeyushwa, ambao kiyeyushio chake karibu chote hukusanywa na kutumiwa tena.

Taiti za bei ya chini zilizorundikwa kwenye maduka ya Kikuubo, katikati ya Kampala, bila lebo: hazina asilimia, hazina asili, sina la kuongeza.

Kufua: maji baridi, nguo imegeuzwa ndani nje, sabuni kidogo, bila Jik, bila dawa ya kulainisha maana huziba vitundu vya kupitisha jasho. Kamua kwa kubonyeza, usisokote. Anika kivulini. Pasi isiguse.

Tena bei. Taiti ya shilingi 60,000 ikidumu miezi minne umelipa 15,000 kila mwezi. Ya 120,000 ikidumu miaka miwili ni 5,000. Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kama wauzaji wangetuachia lebo. Wanazikata! Robota la mtumba likifunguliwa mkasi unatangulia. Maduka mapya nayo yanakata yakidai zinawasha shingo. Lebo iliyokatwa ndiyo iliyobeba asilimia, nchi ya kiwanda na namna ya kufua, halafu mnunuzi akirudi na nguo iliyolegea anaambiwa hajui kufua. Mwenye duka akisema lebo ilitoka yenyewe, pitisha kidole kwenye mshono wa ndani wa ubavu wa kushoto: ukigusa kipande kigumu cha milimita mbili, imekatwa kwa mkasi. Irudishe kwenye tundiko.