Renjifainda ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache kwa muuzaji

Mimi sianzi na lenzi, wala jina lililochongwa juu ya kamera. Nauliza kwanza: betri ikifa, itaendelea kupiga? Nyingi ya kamera hizi zilitengenezwa zama za betri za zebaki, na betri hizo zimeshaondolewa sokoni. Ukinunua inayotegemea umeme kwa kila kitu, siku ya siku utabaki na pambo la kabati. Swali la pili ni la sisi tunaokaa Mombasa na pwani yote: kioo kina hali gani? Kuvu inapenda unyevu na giza, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi miaka 30 ina vyote viwili.

Kwa asiyezijua, renjifainda haina kile kioo cha ndani kinachoruka unapobonyeza. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilicho juu yake, na katikati kuna kiraka cha manjano chenye taswira ya pili. Unazungusha lenzi mpaka pua mbili za mtu ziwe pua moja. Hapo umelenga, bonyeza.

Namba moja: Canonet QL17 GIII

Ilitoka mwaka 1972 na sijaona sababu ya kuishusha. Lenzi ni 40 mm f/1.7 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), haitoki, na wala hutatamani itoke. Shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, imo ndani ya lenzi, kwa hiyo inalia tik tu. Unaweza kupiga msikitini kwenye hafla ya nikaha na shehe asigeuke. Herufi QL ni za mtindo wake wa kuvisha filamu: unalaza ncha mpaka kwenye alama, unafunga mlango, unavuta mkono wa filamu, basi. Mikono ya mtu anayejifunza huharibu filamu nyingi hapo, na hii imemwondolea shida.

Ukiiweka kwenye A, yaani otomatiki, wewe unachagua kasi ya shata, yenyewe inachagua tundu la lenzi. Ukiitoa kwenye A, kipimamwanga kinazimika na kila kitu kinakwenda kwa springi, kasi 1/4 mpaka 1/500, betri iwepo isiwepo. Jua letu la saa saba mchana halihitaji kipimo: filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wake kwa mwanga), kasi 1/500, tundu f/16, piga. Penye kivuli fungua mpaka f/5.6, na mambo yatakuwa sawa.

Betri yake ya asili ni 625 ya volti 1.35. Madukani utauziwa ya alkali yenye umbo lilelile, volti 1.5, na fundi atakuambia ni ileile. Si ileile. Volti ikizidi, kipimamwanga kinadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, picha zinatoka na giza. Nenda wanakouza vifaa vya kusaidia kusikia, ununue betri namba 675 ya zinki na hewa, volti 1.4. Ni nyembamba, inacheza ndani. Mimi niliizungushia mpira mdogo wa bomba na ikakaa. Ubaya wake ni kwamba ukishabandua kile kikaratasi kilichobandikwa juu yake, inaanza kuisha, utumie usitumie.

Namba mbili: Canon P

Hii ni ya anayetaka kubadilisha lenzi. Ilianza kuuzwa mwaka 1959, haina betri, haina kipimamwanga, ina chuma tu. Inachukua lenzi za kuzungusha kwa hesi, yenye upana wa 39 mm, kwa hiyo mlango uko wazi kwa lenzi za Canon, za zamani za Leica ya Ujerumani, na za Kisovieti. Kidirisha chake kinaonyesha dunia kwa ukubwa wake halisi, kiasi kwamba unaweza kuacha macho yote mawili wazi.

Kilichoipandisha kwangu ni pazia la shata. Kamera nyingi za aina hii zina pazia la kitambaa, na kwa kuwa hakuna kioo mbele yake, ukiiacha mezani lenzi ikitazama jua, lenzi inafanya kazi ya kioo cha kuwashia moto. Kitambaa kinatoboka, na kila picha baada ya hapo ina kidoa cheupe. Pazia la Canon P ni la chuma. Karibu zote utakazoona lina mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa, muuzaji atajitetea, nawe utumie aibu yake kushusha bei, maana mikunjo hiyo kwa kawaida haidhuru kitu.

Tahadhari ni moja: lenzi ya Canon 50 mm f/1.8 inayouzwa nayo mara nyingi ina ukungu ndani, nyuma ya tundu. Ukiwahi unafutika. Ukichelewa umeshakula kioo.

Namba tatu: Olympus 35 RC

Ya mwaka 1970, lenzi 42 mm f/2.8, gramu 410 hivi, inaingia mfuko wa koti. Inapiga bila betri. Ningeiweka juu zaidi kama si f/2.8 yake, ambayo jioni inakuacha njiani, na kasi yake kuishia 1/15 kwa chini.

Namba nne: Yashica Electro 35 GSN

Hii ndiyo watu wengi huanza nayo, kwa sababu zimejaa na lenzi yake ya 45 mm f/1.7 ni nzuri kweli. Wewe unachagua tundu, umeme unachagua kasi. Ila bila betri unabaki na kasi moja tu, 1/500. Betri ya asili ni ya zebaki, volti 5.6, siku hizi tunaweka 4LR44 ya volti 6 na kuziba nafasi iliyobaki kwa springi ya kalamu, na vipimo havipotei.

Ukiishika, vuta mkono wa filamu na usikilize. Lazima usikie "ko" ndani, kama mtu kagonga meza kwa kidole. Usiposikia, kile kipande cha mpira kinachopokea kishindo kimeshaoza, na vipimo vyake havina tena wa kuviamini.

Yangu niliinunua mtandaoni kwa picha tatu, zote za mbele, zote kali na safi. Ilipofika nikafungua mlango wa nyuma, nikamulika kwa tochi ya simu: nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa kutoka ukingoni mpaka katikati, kama mizizi ya nyasi iliyong'olewa. Muuzaji alijibu kwamba mimi niliomba kamera inayofanya kazi, na inafanya. Tangu hapo siombi picha za mbele. Naomba moja tu: mlango wazi, shata imeshikiliwa wazi kwenye B (alama ya kuiacha wazi kadiri unavyobonyeza), taa upande wa pili. Akikataa, nimeshajibiwa.

Namba tano: Zorki-4

Ya Krasnogorsk, Urusi, 1956 hadi 1973, hesi ileile ya 39 mm. Bei yake ndogo ndiyo mvuto, pamoja na lenzi ya Jupiter-8, 50 mm f/2, iliyozaliwa na mchoro wa Sonnar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss, na inayopiga sura za watu kwa upole. Lakini moja itakuwa imara na dada yake atakuwa kichwa maji. Ni bahati nasibu. Na kuna sheria isiyovunjwa: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukianza na kasi unaweza kuvunja kilichomo ndani. Pazia ni la kitambaa, kwa hiyo habari ya jua inaihusu hasa.

Kwenye Zorki na FED, kamera nyingine ya Kisovieti, ndiko zinakotoka "Leica" za bandia, zile za rangi ya dhahabu zenye tai wa Kijerumani. Ondoa lenzi utazame kile kidole kinachogusana nayo ndani, kwa juu. Leica ina kigurudumu cha mviringo. Zorki na FED zina ncha bapa.

Leica M3 ya 1954 siipangi. Ni kamera bora kuliko zote hizi, na kwa bei ya bodi yake tupu utapata Canonet zaidi ya tano.

Kabla hujalipa

Piga kwenye kasi ya chini kabisa. Ikikwama, mafuta yameganda. Kisha lenga mnara wa mbali: taswira mbili zikutane, kushoto kulia na juu chini. Sponji za mlango zilizogeuka lami zisikutishe, ni kazi ya jioni moja. Bei ya fundi wa shata ndiyo ya kukutisha.

Ukifika nayo nyumbani, tupa ule mfuko wa ngozi, uihifadhi kwenye kopo lenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Ongeza filta ya manjano kwa filamu za nyeusi na nyeupe. Canonet inachukua ya 48 mm.

Kifuniko cha lenzi ni mtihani. Zorki inakihitaji kwa ajili ya jua, lakini kwenye kidirisha hukioni, kamera inapiga tu. Filamu nzima ya harusi ya binamu yangu, picha 36, niliipeleka kusafishwa ikarudi angavu kama maji. Shangazi bado ananiuliza lini nitamletea albamu.