Chakula cha mchana mita 351 juu ya Toronto, na mama yangu wa Mwanza

Pochi ya mama imeondoka. Ngoja nianzie hapo, salamu mtazipata mbele ya safari.

Tumekaa dirishani, mhudumu ndiyo kwanza kaleta maji. Mama kaitazama meza, kaona ndogo, pochi yake akaiweka kwenye ukingo wa dirisha pale chini ya kioo. Tukaingia kwenye habari za nyumbani: nani kaoa, nani kauza kiwanja. Kuja kugeuka, ukingo mtupu. Mama ananitazama, mimi namtazama mama. Pasipoti imo humo, dawa za presha zimo humo. Kabla sijainua mkono kumwita mtu, mzee mmoja meza ya nyuma yetu akanyanyua pochi juu, anacheka mpaka machozi. Haikuibiwa, jamani. Pochi ilikuwa palepale ilipowekwa. Tulioondoka ni sisi.

Haya, habari zenu wapendwa, karibuni tena. Mliozoea chaneli hii mnajua kazi yangu ni kuchambua masufuria, majiko na mashine za kusagia. Leo nimewatoka kidogo. Nachambua mlo. Mama yangu mzazi kaja kunitembelea Kanada kwa mara ya kwanza, nikasema huyu simpeleki pengine, nampeleka CN Tower, ule mnara ambao kila picha ya Toronto lazima uwemo. Ndani ya mnara, mita 351 kutoka chini, kuna mgahawa unaitwa 360. Digrii 360, maana unazunguka. Duara zima linakamilika kwa dakika 72, kwa hiyo kila dakika mnasogea digrii tano. Mwendo huo huwezi kuuhisi tumboni. Utaujua ukiangalia nje, au ukipoteza pochi.

Nieleze vizuri, kwa sababu hata mimi nilikuwa naelewa vibaya. Nilidhani kile kichwa cha mnara chote kinageuka kama feni. Hapana. Kinachozunguka ni sakafu yenye meza, kama pete. Dirisha na ukingo wake vimesimama, na sehemu ya katikati ya mnara nayo imesimama. Kwa hiyo ukienda msalani, ukirudi usiitafute meza yako pale ulipoiacha, imeshaenda zake. Mimi nilitoka nikasimama kama mtu aliyeshuka kituo sicho. Nilichofanya ni kutafuta kitenge cha mama, kile cha njano, kikaniokoa. Ushauri wa kwanza huo: nenda na mtu aliyevaa kitu kinachoonekana.

Sasa turudi chini tulikoanzia. Tulifika kwa miguu kutoka stesheni kuu, Union Station, ni karibu tu. Mnakaguliwa mizigo kwanza, halafu lifti. Hii hapa nilirekodi, samahani mkono ulikuwa unatetemeka. Lifti ina kioo upande wa nje, na inapanda kwa sekunde 58. Masikio yanaziba kama kwenye ndege. Mama alifumba macho akaanza Salamu Maria, na nilimsikia amemaliza ya tatu mlango unafunguka. Kwa hiyo safari ya lifti ni Salamu Maria tatu, za haraka haraka.

Wengi mnaniuliza kwa nini walijenga mlingoti mrefu namna hii. Ni mambo ya matangazo. Miaka ile ya 1960 kuingia 1970 Toronto ilianza kuota maghorofa, mawimbi ya redio na televisheni yakawa yanagonga majengo, picha inacheza cheza. Wakahitaji kitu kirefu kuliko vyote. Na aliyejenga ni shirika la reli, Canadian National, ndiyo hiyo CN. Walianza Februari 1973, wakafungulia watu Juni 1976. Urefu wote ni mita 553 na kidogo. Ulikaa zaidi ya miaka 30 ukiwa ndio mrefu kuliko jengo lolote duniani linalosimama lenyewe, mpaka mwaka 2007 Burj Khalifa ya Dubai ilipoupita ikiwa bado inajengwa.

Nashikilia hilo neno reli. Nitalirudia.

Chakula. Mchana tulipewa orodha fupi ya mlo wa hatua tatu: cha kuanzia, chakula chenyewe, na kitamu cha mwisho. Mama aliishika ile karatasi kama hati ya mashtaka, akaniuliza, "Samaki wapo?" Wapo. "Basi samaki." Nikamwambia kuna na nyama ya ng'ombe, kuna kuku. "Nimesema samaki." Ukitaka kumjua mtu wa Kirumba, mpeleke popote, hata mbinguni, ataulizia samaki.

Wakamletea samoni. Mnaiona hapa, nimeisogeza karibu. Hii ngozi ya juu imekaangwa mpaka imekakamaa kama chipsi, lakini ukipasua na uma, ndani bado ina unyevu, inaachana vipande vipande yenyewe. Chini kuna viazi vya kuponda, pembeni mboga zimewekwa moja moja kama zimepimwa na rula. Mimi naona walijua wanachokifanya, samaki kutoka hivyo si bahati. Mama alikula kimya, nikajua anamlinganisha. Alipomaliza nusu akasema, "Huyu ana mafuta kama sangara, ila hana maneno mengi." Nikamuuliza ndiyo kusema nini. "Hana pilipili, hana ndimu, hana kelele. Mzuri, lakini mpole." Nimejaribu kutafuta namna ya kuielezea ile samoni vizuri zaidi, nimeshindwa.

Mimi nilichukua nyama. Laini, ya waridi katikati, kwa wanaoipenda hivyo. Walio na mashaka na nyama isiyoiva sana, semeni mapema mnapoagiza. Supu ya mwanzo ilikuwa ya maboga, nzito, tamu. Cha mwisho kilikuwa na sharubati ya mti wa maple, sikimalizii maneno kwa sababu nilikuwa nimeshashiba na macho yangu yalikuwa nje.

Na hapa ndipo penyewe.

Tulianza tukiwa tumeelekea ziwani, Ziwa Ontario. Siku ile hapakuwa na wingu. Maji bluu mpaka yanagusana na anga, ng'ambo huoni kitu, na karibu hapa chini kuna visiwa vya Toronto vimejaa miti. Kwenye kisiwa kimoja kuna kiwanja kidogo cha ndege, na ndege zinakuja kutua chini yako. Nasema tena: unakata samaki, ndege inapita chini ya sahani yako. Mama hakulishangaa hilo. Aliangalia maji kwa muda mrefu, akauliza, "Hili nalo wanaliita kubwa?"

Na ana haki. Ziwa Ontario ni kama kilomita za mraba elfu 19. Victoria yetu inakaribia elfu 69. La kwetu linameza haya matatu na bado lina nafasi. Nilimwambia ila hili lina kina, mita 244 mahali penye kina zaidi, na Victoria haifiki hata mita 90. Akafikiri. "Sawa, kwa hiyo hili ni kisima." Yule mhudumu aliona tunacheka akataka kujua, nikamtafsiria, akasema hiyo ataitumia kwa wageni wengine. Mama kashaacha alama Kanada.

Halafu sakafu ikatusogeza taratibu. Ukaja uwanja wa michezo, Rogers Centre, uko chini kabisa pale pembeni, una paa linalofunguka. Wakilifungua kukiwa na mechi ya besiboli, unaona wachezaji wadogo kama njugu. Siku yetu lilikuwa limefungwa. Zikaja reli, nyingi, zinaingia Union Station kama vidole vinavyoingia kwenye ngumi.

Hapo mama akaweka uma chini.

Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, mnaonifuatilia zamani mnajua. Mama akagusa kioo kwa kidole, akaniambia, "Kile cha duara pale, kile si cha kugeuzia vichwa vya treni?" Mimi nimeishi mji huu miaka yangu yote hii, nimepita pale mara ngapi sijui, sikuwahi kukitazama. Nikafungua simu kutafuta. Kumbe ni kweli. Ni karakana ya zamani ya reli ya John Street, ya mwaka 1929, jengo limejipinda nusu duara, na mbele yake kuna lile daraja la kuzunguka: kichwa cha treni kinapanda juu, daraja linakizungusha, kinaelekezwa kwenye banda lake. Siku hizi pana jumba la makumbusho ya reli. "Baba yako alinionyesha kitu kama hicho kabla hatujaoana," mama akasema. "Alidhani nitafurahi." Ulifurahi? "Nilimwambia nimependa."

Akaendelea kukitazama mpaka sakafu ikatupitisha, na alipokuwa hakioni tena akageuza shingo kabisa. Sisi tuko juu tunazungushwa na sakafu, na kule chini kabisa kuna duara lingine la kuzungushia treni. Sikurekodi kipande hicho. Kamera niliilaza mezani, mtanisamehe.

Ndiyo maana nasema nendeni mchana. Usiku ni taa, nakubali ni nzuri, wachumba wanapenda, pete zinatolewa. Lakini taa zote zinafanana. Usiku mama asingekiona kile kidubwasha. Na angalieni utabiri wa hali ya hewa kabla hamjaweka nafasi, kwa sababu wingu likishuka mnara unaingia ndani ya wingu na wewe utakula samaki wako ukitazama pamba. Mimi siku ya kwanza niliyopanga nilisogeza mbele kwa sababu hiyo.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: ukila pale kwa kiwango walichoweka, kupanda mnara kumo humo humo, hulipi tiketi ya peke yake. Baada ya kula mnaruhusiwa kushuka kwenye sehemu za kutazamia. Kuna sakafu ya kioo, mita 342 juu, unakanyaga na kuona barabara chini ya soli zako. Imekuwepo tangu 1994. Wamekuwa wakiisifia kwamba inabeba uzito wa viboko 14 wakubwa. Nikamtafsiria mama ili apate ujasiri. Ikawa kosa. "Viboko 14? Walipandia wapi, kwenye ile lifti?" Nikasema ni hesabu tu, mama. "Basi watembee hao waliohesabiwa." Hakukanyaga. Alisimama pembeni ananishikia koti, na mimi nilikanyaga kwa mguu mmoja, huu hapa mnauona, ule mwingine ulikataa.

Na juu ya paa la mgahawa wenyewe, mita 356, kuna watu wanalipa hela kutembea ukingoni nje, wamefungwa kamba. Hilo sikumwambia mpaka tumefika chini.

Sasa bili, najua mnaisubiri. Watu wawili, hatua tatu kila mmoja, hatukunywa pombe, tulikunywa maji na chai. Ukiongeza kodi ya Ontario ya asilimia 13 na tipu ya mhudumu, ikakaribia dola mia mbili za Kanada. Bei unayoiona kwenye orodha siyo utakayolipa, hilo wageni wa huku huwa linawashtua. Ukitaka kushiba tu, kwa hela hiyo nitakulisha wiki nzima kwangu, na pilipili juu. Kwa hiyo usiende kwa njaa. Nenda ukiwa na dakika 72 kamili, usiagize vyote mara moja, usile kwa haraka halafu ukabaki unatazama sahani tupu wakati upande mzuri bado haujafika. Mimi nilikosea hapo, supu niliimaliza tukiwa bado ziwani. Mama alikula mdogo mdogo, akafika mwisho wa samaki tukiwa tumerudi kwenye maji. Mzunguko wake ulitimia.

Kwa chakula natoa nane kwa kumi. Kwa mandhari sina namba. Mama nilipomwuliza mbele ya kamera atoe ngapi, alisema hatoi alama kwa kitu ambacho hajalipia yeye, na kwamba niangalie nisije nikafilisika kwa ajili ya kumfurahisha.

Lakini usiku nilimsikia chumbani anarekodi ujumbe wa sauti kwa mama mdogo, yuko Mwanza. Kaeleza yote: lifti, ziwa dogo, viboko. Akamalizia, "Na mdogo wangu, tumekula chakula nyumba inazunguka, pochi yangu ikaachwa nyuma." Jibu likaja muda si mrefu, sauti ya mama mdogo, taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Dada. Hao watu wamekunywesha nini?"