The Left Hand of Darkness au This Is How You Lose the Time War: uanze na kipi?

Ukiwa na muda mchache, This Is How You Lose the Time War, riwaya ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone (2019), inashinda. Ni kurasa kama 200, masimulizi mafupi yakipokezana na barua. Ukiifungua meli ikitoka Mwanza, kufika Nansio umekula sehemu kubwa. Ile ya Ursula K. Le Guin (1969) inataka jioni kadhaa, na siasa za ikulu za mwanzoni huwachosha wengi. Vumilia hadi safari ya barafuni, ndiyo roho ya kitabu.

Kwenye lugha mambo yanageuka. Red na Blue, majasusi wawili wa kike wa kambi hasimu, wanaandikiana kwa mafumbo. Bila kamusi utakwama. Kiingereza cha Le Guin ni kigumu kwa majina tu.

Kuhusu jinsia, Le Guin hana mpinzani. Watu wa Gethen, sayari ya barafu ya kitabu chake, hawana jinsia hadi zifike siku chache katika kila mzunguko wa siku 26 hivi. Hapo mwili huwa wa kike au wa kiume, bila mwenyewe kuchagua. Hata mfalme hushika mimba. Le Guin aliwaita wote “he”, akalaumiwa. Msimulie jirani kwa Kiswahili, “alikuja, akaketi”, na tatizo lenyewe halipo!

Ila kwa Le Guin mapenzi ya wahusika wakuu hubaki hayajatimizwa. Anayetaka wanawake wawili wanaotamkiana wazi, achukue barua.