Bandana ya pamba, miaka mitano begini: ilivyonifaa mbichi na ilivyonifaa kavu

Bandana ninayoizungumzia ni kitambaa cha mraba cha pamba tupu, sentimita 55 kwa 55, rangi ya machungwa iliyoiva. Niliiweka kwenye mzani wa jikoni ikasoma gramu 31. Nimetembea nayo miaka 5 milimani, misituni na kandokando ya mito, na kati ya vyote ninavyobeba mgongoni sijui kingine ninachokishika mara nyingi kwa siku kama hicho. Wengi huiona pambo la shingoni tu. Wengine huisifia kupita kiasi, kana kwamba ukiwa nayo huhitaji kitu kingine. Nitaeleza iliponisaidia kweli na ilipogoma.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa: kabla ya kuitumia, amua kwanza iwe mbichi au iwe kavu. Karibu kila mara iliponiangusha, nilikuwa nimekosea hapo.

Nianze na joto, maana ndiyo kazi yake ya kila siku. Ukipanda mlima saa saba mchana, jua liko utosini na begi limekubana mgongo, unaichovya kijitoni, unaikamua nusu tu ili isichuruzike, unaifunga shingoni fundo likae mbele. Maji yanapokauka yanaondoka na joto la ngozi. Mimi huhisi nafuu ndani ya dakika moja, na katika hewa kavu yenye upepo nafuu hiyo hudumu kama nusu saa kabla sijailowesha tena. Msituni kwenye unyevu mwingi mambo ni tofauti. Maji hayakauki, kitambaa kinabaki kimelala shingoni kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na nafuu ni ndogo. Huko naitumia kavu, kujifutia jasho lisiingie machoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuisahau shingoni jioni. Tulifika juu ya ukingo wa mlima jua likizama, upepo ukaanza, na nikajikuta natetemeka wakati wenzangu wako sawa. Nilivaa sweta, nikavaa koti, bado baridi. Mwenzangu ndiye aliyenigusa shingo akasema, "Hii si mbichi bado?" Pamba hushika maji na haiyaachii upesi, na kile kilichokupoza mchana kitaendelea kukupoza usiku bila kujali kwamba hukitaki tena. Sasa saa kumi na moja ikifika naivua, naifunga nje ya begi ikauke njiani.

Kosa la pili liliacha alama. Sufuria ilikuwa inachemka kwenye jiko dogo la gesi, mpini wake wa chuma umeshika moto, nami nikachukua bandana iliyokuwa karibu. Dakika chache kabla nilikuwa nimeifutia umande ndani ya hema. Sekunde ya kwanza sikuhisi kitu. Ya pili mvuke ukapenya kitambaa chote kwa pamoja, nikaiachia sufuria, maji yakamwagika nusu sentimita kutoka kwenye buti langu, na vidole viwili vikatoka malengelenge. Kitambaa kikavu kina hewa katikati ya nyuzi, na hewa hiyo ndiyo inayochelewesha joto. Kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa na kulisafirisha joto moja kwa moja hadi mkononi. Tangu siku hiyo bandana ya jikoni inakaa mfukoni kavu, na nikishika sufuria naikunja mara nne nikihakikisha hakuna pembe inayoning'inia karibu na moto.

Hapo pia ndipo ninaposisitiza pamba. Nimewahi kununua ile ya mviringo ya poliesta inayovutwa shingoni kama soksi. Ni nzuri kwa kukimbia na hukauka upesi, hilo nakiri. Lakini poliesta ikiguswa na moto huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba inaweza kuungua, ila haiyeyuki. Kama huna hakika ulichonunua ni nini, chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome: wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Maji. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mto unakuwa rangi ya udongo, na chujio langu dogo la mkononi huziba baada ya chupa moja. Naikunja bandana mara mbili, yaani tabaka nne, naifunga mdomoni mwa chupa kwa kamba, namimina polepole. Mchanga, majani na wadudu vinabaki juu, na chujio linadumu. Kuna watu husema huo ni usafishaji tosha. Si kweli, na ningependa kila mwenye bandana alijue hili vizuri. Utafiti wa mwanasayansi Rita Colwell na wenzake nchini Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hujishikiza kwenye viumbe wadogo sana wa majini ambao kitambaa huwanasa. Kitambaa kuukuu kilifaa kuliko kipya, maana nyuzi zake zimelegea na kujaza matundu. Ni jambo kubwa kwa kipande cha nguo. Lakini kimelea kinachoogelea peke yake hupita bila shida, na karibu nusu si yote. Kwa hiyo nikishachuja, nachemsha: dakika 1 ya kutokota kweli, na dakika 3 nikiwa juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota kwa joto la chini zaidi.

Sasa niseme ya siku niliyoiheshimu bandana kabisa. Nilikuwa na mpwa wangu, msichana wa miaka 14. Tulikuwa tunavuka mawe yenye ukungu wa kijani, akateleza, akatanguliza mkono. Hakulia. Aliketi akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia na kuubana tumboni.

"Mjomba, unauma nikiuachia."

"Basi usiuachie, mwanangu. Kaa hivyo hivyo."

Kitabu chochote cha huduma ya kwanza kitakwambia ufunge mkono kwa kitambaa cha pembetatu, kile alichokieneza daktari mpasuaji Mjerumani Friedrich von Esmarch katika karne ya 19. Nilikunja bandana pembe kwa pembe, nikaipitisha chini ya mkono, nikajaribu kuzifikisha ncha nyuma ya shingo yake. Hazikufika. Hesabu ni rahisi: mraba wa sentimita 55 ukiukunja pembetatu, upande mrefu ni kama sentimita 78, ilhali kitambaa halisi cha kuning'inizia mkono ni kama sentimita 130. Picha nyingi zinazoonyesha bandana moja imebeba mkono wa mtu mzima zinadanganya, au mtu huyo ana shingo mkononi.

Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa na mbili. Ya kwanza ikawa kikapu cha mkono, ya pili nikaisokota kama kamba ikazunguka nyuma ya shingo. Fundo nililotumia ni la kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Hilo hulala bapa, halichomi mfupa wa bega, na hufunguka kirahisi ukisukuma ncha zake. Ukirudia upande uleule mara zote mbili, fundo linakaa mshazari na kuteleza. Chini ya fundo niliweka soksi safi. Nikambinya ukucha wa kidole cha mkono ulioumia, ukawa mweupe, nikahesabu: rangi ilirudi kabla ya sekunde mbili. Nilirudia hivyo kila tuliposimama, kwa muda wa saa mbili hadi barabarani. Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, karibu na kiganja. Tangu siku hiyo sitoki na bandana moja.

Kwenye damu, ikunje iwe kitita, bana jeraha moja kwa moja kwa mkono, usichungulie kila dakika. Kwa nyoka, tafadhali usiitumie kukaza mguu. Kufunga kwa nguvu juu ya mahali alipouma huweza kuua nyama ya mguu, na hakuondoi sumu. Mtulize mtu, asitembeetembee, mkimbize kwa tiba.

Vumbi: ndiyo, inasaidia, hasa ikiwa mbichi kidogo na imekunjwa. Moshi: hapana. Chembe za moshi ni ndogo mno kwa kitambaa, na hewa yenye sumu hupita kama mlango uko wazi.

Rangi ya machungwa niliichagua kwa makusudi. Kijani na kahawia zinapendeza kwenye picha, ila ukiiweka chini majanini umeipoteza. Yangu naifunga kwenye fimbo njia panda ili wa nyuma wajue tulikopinda, na wa mwisho huifungua na kuja nayo. Mwenye filimbi apige mara tatu, apumzike, apige tena tatu, huku akipunga kitambaa: tatu hutambuliwa kama ishara ya mtu anayehitaji msaada.

Kazi ndogondogo ni nyingi na sitazimaliza: kufuta umande hemani, kufunga miwani isikwaruzwe, kuweka chini ya mkanda wa begi unapouma bega, kufunga nywele, kubeba vijiti vikavu vya kuwashia moto. Ninachoomba ni kutozichanganya. Ya machungwa ni ya uso na maji. Ya bluu ni ya miguu, masufuria na pua. Nimeona mtu akijifutia vidole vya miguu, kisha akachujia maji ya kundi zima kwa kitambaa hichohicho, na nilimwambia palepale.

Kasoro za hii niliyo nayo zipo. Mara ya kwanza kuifua ilitoa rangi ikaharibu fulana nyeupe, kwa hiyo iloweke peke yake kwanza. Pindo la upande mmoja lilifumuka mwaka wa pili, nikalishona kwa mkono. Na pamba hukawia kukauka. Kwenye mvua ya siku tatu hutakuwa na kitambaa kikavu hata kimoja usipokificha kimoja ndani ya mfuko wa plastiki tangu nyumbani.

Ile ya kwanza kabisa, iliyotangulia hii, ilichanika katikati. Niliikata vipande vya sentimita 5, nikavitia kwenye kikopo cha bati chenye tundu dogo kifunikoni, nikakiweka juu ya makaa mpaka moshi ukakoma kutoka tunduni, nikasubiri kipoe kabisa ndipo nifungue. Vilitoka vyeusi, vyepesi, karibu kubomoka. Cheche moja ya jiwe la kuwashia ikitua hapo, kijidoa chekundu kinatambaa taratibu bila mwali, na una muda wa kukifunika kwa nyasi kavu na kupuliza. Lazima kikopo nacho kikae pakavu. Vimebaki vipande tisa.