Bakuli limepasuka, lakini kilichoniudhi ni jibu

Nilisema sitaandika. Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa, haikupoa, kwa hiyo naandika ili anayetaka kuagiza vyombo vya mbao kwa fundi huyu ajue anachokwenda kukutana nacho. Jina lake silitaji. Waliokwisha nunua kwake watamtambua kwa majibu yake.

Niliagiza vitu viwili: bakuli pana la mvule na kikombe cha mguu mrefu cha mpingo, vyote vya kukereza kwa mkono, yaani mbao inazungushwa kwenye mashine na fundi anaichonga kwa patasi. Bakuli lilinadiwa kuwa limetoka kwenye boriti ya jengo la zamani lililobomolewa. Mpingo, alisema, ni vipande vinavyobaki mbao zikishakatwa kwa ajili ya ala za muziki. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonivuta. Mimi napenda sana kazi ya kukereza, na nikiwa na nafasi ya kuchagua nachukua chombo cha mbao iliyookolewa kabla ya kile kilichokatiwa mti mzima. Niko tayari kulipa zaidi kwa hilo, na nililipa zaidi.

Bakuli lilifika linang'aa, zuri, zito kidogo kuliko nilivyotarajia. Uzito ule ungepaswa kunishtua. Sikuuwazia, kwa sababu nilishaambiwa ni boriti ya zamani. Nikaliweka mezani na matunda. Baada ya muda si mrefu, usiku, likalia: mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Ufa umeanzia kwenye ukingo, umeshuka ukutani mpaka chini, ukaishia kwenye kijistari chembamba cheusi kinachopita karibu katikati ya kitako. Ukucha unaingia. Ukilinyanyua bakuli kuelekea dirishani unaona mwanga upande wa pili.

Sasa hicho kijistari ndicho kilichonitia hasira ya kwanza, maana hicho ni kiini cha mti. Mtu yeyote anayeshika patasi kwenye mashine ya kukereza anajua habari ya kiini. Mbao ikikauka haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisinyai kabisa. Kufuata mzunguko wa pete, zile duara za ukuaji wa mti, husinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Ukiacha kiini ndani ya bakuli, ule mvutano hauna pa kwenda, mara nyingi hupasua. Ndiyo maana fundi makini hupasua gogo katikati kwanza, kiini akakitupa, akakereza nusu iliyobaki. Hiyo si siri ya mabingwa, ni somo la mwanzo.

Nikachukua rula. Kufuata nyuzi bakuli lina sentimita 30. Kukata nyuzi limepungua karibu sentimita nzima. Yaani lililokuja kwangu likiwa duara limegeuka yai. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka ile hadithi ya boriti. Mbao iliyokaa ndani ya paa miongo na miongo imeshamaliza kusinyaa kitambo. Inaweza kucheza kidogo na unyevu wa hewa, ndiyo, lakini haiwezi kupoteza sentimita nzima juu ya meza ya mtu. Mbao huanza kusinyaa maji yaliyomo yanaposhuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wake mkavu, na ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 8 mpaka 12 hivi. Safari hiyo bakuli langu liliifanya likiwa kwangu. Lilikuwa bichi! Na sikuona tundu hata moja la msumari, wala doa la kutu. Boriti gani hiyo isiyowahi kupigiliwa?

Kuna jambo jingine, na hili nimelitazama kwa kioo cha kukuzia. Pembeni ya ufa mpya kuna mstari mwembamba, mweusi zaidi ya mbao, una urefu wa kidole. Ni ufa wa zamani uliojazwa vumbi la mbao na supaglu, ukapigwa msasa, ukafunikwa na vanishi. Kujaza ufa si kosa. Kuna mafundi wanaojaza nyufa kwa unga wa shaba au mawe ya rangi, na ufa unageuka kuwa pambo. Navipenda mno vyombo vya aina hiyo. Lakini wao wanakuonyesha. Huyu alificha. Maana yake bakuli lilishaanza kupasuka mikononi mwake, akaona, akaziba, akanitumia.

Nikamwandikia kwa adabu zote. Shikamoo fundi, habari za kazi, bakuli limepata tatizo, picha hizi hapa. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Mbao ni kitu hai. Ukitaka kitu kisichobadilika nunua plastiki. Halafu wewe umelichovya kwenye maji ya moto."

Basi. Hakuna pole, hakuna salamu. Mpaka siku ya kupokea pesa nilikuwa "mteja wangu mpendwa". Ufa ulipotokea nikawa "wewe". Maji ya moto hayakuligusa. Nililipangusa kwa kitambaa kikavu, kama karatasi yake mwenyewe iliyokuja ndani ya boksi ilivyoelekeza.

Na hiyo "mbao ni kitu hai" nimeichoka. Ni kweli mbao hupanuka na kusinyaa, na ndiyo sababu yapo mambo ya kufanya kabla ya kuuza. Mbao mbichi hukerezwa kwanza kwa unene, ukuta ukiachwa kama sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 linaachiwa ukuta wa sentimita 3. Kisha linapakwa nta, hasa pale nyuzi zinapoishia, kwa kuwa maji hutokea huko haraka kuliko kwingine, na penye haraka ndipo panapopasuka. Linawekwa kivulini miezi kadhaa. Linapimwa kwenye mizani mara kwa mara, na uzito ukiacha kushuka, hapo ndipo linarudishwa kwenye mashine kukerezwa mara ya pili, likiwa limekwisha pinda linavyotaka kupinda. Kazi hiyo ina subira nyingi, na mimi ndiyo niliyodhani nailipia. Kuna hata mafundi wanaokereza mbao mbichi nyembamba makusudi ili chombo kijipinde chenyewe, lakini wanakwambia mapema, na unanunua ukijua.

Nimefikiria pia kwamba huenda nimemwonea kuhusu boriti. Mti ulioangushwa na upepo nao ni mbao iliyookolewa, na huo huwa mbichi kabisa. Labda alichanganya magogo bandani. Labda aliuziwa hivyo naye. Nakubali inawezekana. Ila angesema! Ningechukua bakuli la mti ulioanguka kwa furaha ileile, nikalitunza taratibu mahali penye hewa ya ubaridi. Amenizuia kulitunza kwa kuniambia lisilokuwepo.

Nilipozidi kumwandikia akanitumia picha ya bakuli jingine, akisema nibadilishe. "Hili halipasuki, ni taruma la reli." Nilishindwa hata kujibu siku hiyo. Mataruma mengi ya mbao, yale yanayolaliwa na reli, yamelowekwa kreosoti, mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, ili mchwa na uozo visiyaguse. Ni sumu, inahusishwa na saratani, na haifai kabisa kukaribia chakula. Ndiyo, si kila taruma limelowekwa. Mengine ni ya mbao ngumu tupu. Nikamuuliza: hili lilitiwa dawa au la? Akajibu, "Nimepaka vanishi juu." Jamani! Watoto wa watu watachukua tunda humo! Mwenye kuuza chombo cha kulia lazima ajue mbao yake ilikuwa wapi na ilipakwa nini kabla haijafika mezani kwake. Kama hajui, atengeneze kinara cha taa au pambo la ukutani, asitengeneze bakuli.

Nilikuwa nimeamua kumpa nyota moja, na kama ingekuwepo sifuri ningeweka sifuri.

Lakini kikombe.

Kikombe kile cha mpingo ni kazi ambayo sijawahi kushika mfano wake. Mguu ni mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na juu yake inacheza pete iliyokerezwa kutoka kwenye kipande kilekile cha mbao, haikuvishwa, haina kiungo. Ukikiinamisha pete inateleza inagonga kitako kwa mlio wa kengele ndogo. Ukingoni ameacha utepe wa mbao ya nje, ile ya manjano hafifu, ukipita kwenye weusi. Nilikitia kwenye ndoo ya maji kuhakikisha. Kikazama moja kwa moja, kama mpingo unavyopaswa, maana ni mzito kuliko maji. Wengine hupaka rangi nyeusi mbao hafifu wakauza kwa jina hilo. Huyu hakufanya hivyo. Ndani hakuna vanishi, ni mbao iliyosuguliwa mpaka ikatoa mng'ao wake yenyewe. Hakijapinda, hakijapasuka, na kimekaa chumba kimoja na bakuli siku zote hizo.

Kukereza mpingo mwembamba namna ile ni kazi ya hatari. Ni mgumu, unakula makali ya patasi upesi, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mikono iliyofanya hivi inajua kila nilichoandika hapo juu kuhusu kiini na ukavu. Ndiyo maana siwezi kumtetea kwamba hakujua. Na ndiyo maana pia siwezi kuwaambia msinunue kwake, kwa sababu mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 2017, na mtu anayeokota vipande vyake vilivyotupwa akavitoa kikombe cha namna ile anastahili wateja.

Basi nyota mbili. Hapana, nikikitazama kikombe naweka tatu, na zote tatu ni za kikombe. Atakayeagiza bakuli adai picha ya kitako kabla ya kulipa, aulize kiini kiko wapi na mbao imekauka muda gani, na akijibiwa kwamba mbao ni kitu hai aachane naye. La kwangu nimeshalifunga kwenye boksi lake. Nimemwomba anuani ya kulirudishia na pesa yangu. Anuani hajaleta, pesa haijarudi, na ile picha ya bakuli la taruma bado ameiweka akilinadi.